Kazi ya Kukaa

Mtoto wangu alipewa kazi ya kukaa. Katika boma nilikoolewa, kwenye vilima vya Bomet ambako chai imepandwa hadi karibu na mlango wa choo, hakuna mtu asiye na kazi. Mtu mzima huchuma majani, mtoto hurudisha ndama, na asiyeweza hata hilo huokota kuni. Binti yangu alikuwa na pumu, lakini neno hilo halikutajwa pale nyumbani. Walisema ana kifua, basi. Alipofika umri wa kutumwa, mama mkwe wangu alitangaza kwamba huyu hatatumwa popote. Atakaa naye jikoni, apate joto, afanye kazi za mtu aliyekaa.

Kila mtu aliona ni huruma, na ilikuwa huruma kweli. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Ningepata adui ningemchukia nikapumzika. Mimi nilipata mwanamke aliyempenda mtoto wangu kuliko alivyowapenda watoto aliowazaa mwenyewe.

Watoto walimwita gogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, na mimi nikamwita hivyo hivyo kwa sababu neno "mama" lilinigoma mdomoni mwaka wa kwanza wa ndoa. Mimi natoka Kisii. Mume wangu ni mchuuzi wa ng'ombe, na aliponileta pale majirani walikuja kuniangalia kama wanavyomwangalia ndama wa soko la mbali: meno, miguu, na kama nitazoea majani ya huku. Gogo hakusema kitu. Alinimiminia mursik kwenye kikombe kikubwa, yale maziwa yao yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa, akasimama mbele yangu akingoja. Nilikunywa yote. Tumbo lilinguruma mpaka kesho yake, lakini tangu siku hiyo akaniita mwalimu, na ole wake aliyenicheka mbele yake.

Mwalimu ndiyo kazi yangu kweli. Nafundisha chekechea kwenye shule ndogo iliyo chini ya kituo cha kupimia majani chai. Watu hudhani tunafundisha a, e, i, o, u. Tunafundisha kidogo. Kazi kubwa ni kukimbiza watoto. Mtoto wa miaka minne asipokimbia asubuhi, hakai darasani. Atamng'ata mwenzake au alale. Basi kila asubuhi nilikuwa nawakimbiza watoto wa wenzangu kuzunguka uwanja, na wangu akiwa amekaa kwenye jiwe karibu na ukuta, amevaa sweta mbili na boshori ya sufu iliyofunika mpaka kidevu. Alishikilia masweta ya wenzake waliosikia joto. Waliyatupa mapajani mwake bila hata kumtazama, wakarudi mbio. Aliyapanga kwa ukubwa.

Kwa nini hakukimbia? Kwa sababu mara ya kwanza kifua kilipomkamata, alikuwa anakimbia. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, akiwa mdogo sana, akimfukuza ndama aliyeponyoka. Alirudi akivuta hewa kwa shingo, mbavu zikiingia ndani, na sauti ikitoka kifuani kama filimbi iliyoingia maji. Tulimpeleka hospitali, akawekewa mvuke, akapewa dawa mbili za kuvuta kwa mdomo: ya bluu ya kufungua kifua kikibana, na ya kahawia ya kutumia kila siku. Gogo alisikiliza maelezo yote. Halafu akatusimulia, kwa mara ya kwanza hata kwa mume wangu, habari za mdogo wake wa kiume. Naye alikuwa na kifua. Siku moja ng'ombe waliingia shamba la mtu, akatumwa awakimbilie, akapanda kilima mbio, na kule juu akaanguka. Gogo ndiye aliyemkuta, naye akiwa msichana tu.

"Mimi nimeona hii ugonjwa," alisema. "Inakuja na mbio. Huyu hatakimbia."

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Mume wangu alinyamaza, na kwao mwanamume akinyamaza mbele ya mama yake, shauri limepita.

Kazi za mtu aliyekaa zilianza na kuchambua maharagwe. Baadaye, vidole vilipopata nguvu, gogo akamfundisha vibuyu, na hapo ndipo ninapotaka kila mama anisikilize.

Kibuyu cha maziwa, sotet wanakiita, hakioshwi kikaachwa hivyo. Kikishakauka, unachukua kijiti cha mti uitwao senetwet, unakichoma mpaka ncha iwe kaa jekundu, unakiingiza kwenye kibuyu, unakigongagonga kivunjike ndani. Halafu unachukua ufagio mwembamba wa fimbo ya mtende, unasugua, unatikisa, unasugua tena, mpaka ukuta wa ndani uwe mweusi unaong'aa. Unga wa mkaa uliobaki unautoa. Wengine hugeuza kibuyu na kukigonga kwenye kiganja. Gogo alimfundisha mtoto wangu kupuliza. Aliweka mdomo kwenye shingo ya kibuyu, akapuliza kwa nguvu, na wingu jeusi likarudi usoni. Gogo aliamini kabisa kwamba kule kupuliza kunafungua kifua. Alinieleza kwa fahari: huyu hawezi kukimbia kama wengine, basi hii ndiyo mbio yake.

Mtoto alikuwa hodari. Hakuna mtu pale bomani aliyesugua kibuyu kama yeye. Alijua kaa liko tayari kwa kulitazama rangi, na alijua kibuyu kimetosha kwa kukisikiliza kikikwaruzwa. Wanawake wa jirani walileta vibuyu vyao avitengeneze. Walimsifu, wakamwambia ataolewa mbali. Na jiko lile halina dirisha. Kuni zetu ni matawi ya chai iliyokatwa, mabichi nusu, yanayotoa moshi mzito wa manjano, na mlango ulifungwa ili baridi isimwingie mtoto. Nikirudi kutoka shuleni, namsikia kabla sijamwona. Anakohoa, anasugua, anakohoa. Wote tulisema ni baridi. Tukamsogeza karibu zaidi na moto.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nikiwafundisha watoto methali hiyo, nao waliikariri kwa kuimba.

Alipokuwa darasa la kwanza, mwanamke mmoja wa upande wetu alishinda mbio ndefu huko ng'ambo. Kwetu mtu akishinda, hamumpokei kwa mikono mitupu. Anavishwa mmea wa porini utambaao, uitwao sinendet, halafu anapewa mursik anywe moja kwa moja kutoka kwenye kibuyu, watu wote wakitazama. Wazee wa kijiji walikuja kwa gogo kumwomba maziwa. Waliomba na vibuyu vizuri vya kupigwa picha. Gogo alisimama pale mlangoni mwa jiko lake akiwa amejaa furaha mpaka akasahau kuwapa viti. Alisema vitatengenezwa na mjukuu wake.

Juma zima jiko halikupumua. Kila nilipopita niliona moshi ukitoka chini ya mlango. Binti yangu alitoka pale macho mekundu, kope zimegandana kwa mkaa, na alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Mshindi wa mbio atakunywa kwenye kibuyu chake. Aliniuliza kama mshindi atajua ni nani aliyekitengeneza. Nilimwambia atajua. Aliniuliza pia kama wakimbiaji huanza wakiwa wakubwa au wadogo.

Siku yenyewe tulijipanga kando ya barabara ya lami, chini kidogo ya kituo cha chai. Asubuhi hiyo alikuwa ameamkia jikoni tena, kumalizia kibuyu cha mwisho. Gari lilikuja polepole, mwanamke yule amesimama kwenye sehemu ya nyuma ya pikapu, sinendet shingoni. Watoto wa kijiji wote wakaanza kukimbia nyuma ya gari. Ndivyo huwa, hakuna anayewaambia. Nilihisi mkono mdogo ukichomoka kwenye mkono wangu.

Nilimwona akikimbia. Nataka niseme hili kwa sababu hakuna mwingine anayelisema. Alikimbia vizuri. Boshori ilianguka, sweta la juu likafunguka, na miguu yake ile myembamba iliyokaa miaka yote ilijua la kufanya bila kufundishwa. Aliwapita wawili, akampita mwingine, akacheka huku ameinua uso. Mimi nilipaswa kuita arudi. Sikuita. Nilikuwa nimeshika kifua changu mwenyewe na machozi yakinitoka kwa raha.

Alifika kwenye kona akaanguka. Nilipomfikia midomo ilikuwa imebadilika rangi. Dawa ya bluu ilikuwa nyumbani, juu ya kabati, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, kwa maana gogo alikuwa na hakika kwamba ukiizoea hutaiacha, na nusu ya kijiji walikuwa na hakika hiyo hiyo. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nikimshikilia wima, tukateremka Bomet mjini. Nyuma yetu watu walikuwa wanapiga vigelegele. Mshindi alikuwa anakunywa.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, amechoka, hakuwa na maneno ya kupendeza. Alimwekea mvuke, akasubiri kifua kifunguke. Nilianza kujieleza kabla sijaulizwa: alikimbia, daktari, tulimkataza, ni mbio. Aliniacha nimalize.

"Mama, kabla akimbie, asubuhi alikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Akifanya nini?"

Nikamweleza habari za vibuyu. Akachukua pamba, akaizungusha ndani ya pua ya mtoto, akanionyesha. Ilikuwa nyeusi kama ndani ya sufuria. Hakunigombeza. Alivuta kiti akanieleza kwa Kiswahili cha taratibu kwamba mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Wa mtoto huyu wana hasira ya karibu. Moshi ukiingia, unga wa mkaa ukiingia, wao wanadhani ni adui, wanavimbisha njia ya hewa na kuijaza makamasi. Kila siku jikoni ni kila siku vita. Halafu unamtoa mtoto ambaye kifua chake tayari kimevimba, akimbie kwa mara ya kwanza maishani, kwenye baridi, bila dawa. Lazima aanguke. Alisema mambo mengi kuhusu askari hao bado hayajulikani, lakini yeye mwenyewe ameona watoto wanaocheza kila siku, wakiongeza mazoezi polepole na dawa yao ikitumiwa ipasavyo, vifua vyao vinatulia, na wanaokalishwa wanazidi kudhoofika.

"Mtoe kwa moshi," alisema. "Na umwache acheze. Si leo. Akipona, kidogo kidogo."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Gogo alikuwa ameketi nje akilia. Alikuwa amelia tangu asubuhi. Aliposikia mtoto ni mzima alimshukuru Mungu, akasema "kongoi, kongoi" mara nyingi, halafu akaniangalia mimi. Alisema aliniambia. Alisema mbio zilimchukua ndugu yake na leo zilitaka kumchukua mjukuu wake, mbele ya macho yangu, nami nimesimama. Kijiji kizima kilikuwa upande wake. Nani angebisha? Wote walimwona akikimbia, wote walimwona akianguka. Hakuna aliyemwona jikoni.

Nilimweleza mume wangu tukiwa peke yetu shambani. Alisikiliza mpaka mwisho, akichezea fimbo yake ya ng'ombe.

"Sasa unataka niende nimwambie mama nini?" aliniuliza. "Ati maziwa yake inaua mtoto?"

Nilimwambia si maziwa, ni moshi, ni ule unga. Akasema kwa mama yake ni kitu kimoja. Akasema pia, bila ubaya, kwamba likitoka mdomoni mwangu watu watasema yule Mkisii hakuwahi kuipenda mursik. Alikuwa anasema kweli.

Kwa hiyo nilifanya kwa ujanja nisichoweza kufanya kwa mdomo. Nilianza kuondoka na mtoto mapema kwenda shule na kurudi naye jioni kabisa, nikisingizia masomo ya ziada. Gogo alilalamika vibuyu vinarundikana. Nikamwambia mwalimu wa darasa la kwanza ni mkali sana. Dawa ya kahawia nilimpa mwenyewe kila asubuhi na kila jioni. Na alipopata nguvu, tulianza kucheza. Kati ya shule na nyumbani kuna njia ndani ya chai, pana kiasi cha mchumaji na kapu lake. Ukungu ukishapanda, alivuta dawa ya bluu kama daktari alivyoagiza, tukatembea kwanza, halafu tukatembea haraka, halafu akakimbia mpaka kwenye mkaratusi wa kwanza na kusimama. Baada ya muda mkaratusi wa kwanza haukumtosha, akataka wa pili. Wachumaji walituona, wakacheka: mwalimu anakimbizana na mtoto kama mtu aliyeibiwa. Mimi nilicheka nao. Nilikuwa nikihesabu pumzi za mtu mwingine na kuziona zinatosha.

Kikohozi kilipungua. Alilala amenyooka, si ameketi. Uwanjani aliliacha lile jiwe, na siku moja nikaona sweta lake limetupwa mapajani mwa mtoto mwingine. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nangoja apate nguvu kabisa, ili nimpeleke mbele ya gogo nimwambie: tazama mwenyewe. Niliona ushahidi utasema bila mimi kumvunjia heshima mtu.

Mwezi wa saba, mwezi wetu wa baridi kali, ambapo ukungu hukaa juu ya chai mpaka mchana, baba yangu alifariki. Nilitaka kumchukua mtoto tuende Kisii. Gogo alikataa kwa upole. Matanga yana watu wengi, alisema, watu wanalala chini, kuna vumbi, kuna baridi. Mwache hapa kwa joto. Mume wangu akaona ni busara. Nami nilikuwa na msiba, sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilimwonyesha gogo dawa zote mbili, nikamweleza ya bluu inatumika lini, nikamwomba asimweke jikoni. Nilisema hivyo hivyo: usimweke jikoni. Nadhani alisikia adabu ya mkwe asiyetaka mtoto amsumbue mzee.

Siku tuliyomzika baba, mume wangu alirudi mapema kuwahi soko la Chebunyo. Kesho yake mvua ilinyesha Bomet kutoka asubuhi. Haya niliyasikia baadaye, kutoka kwa kila mtu, na yote yanapatana. Shule ilikuwa imefungwa. Mtoto alitaka kutoka nje, gogo akamwambia baridi hii ni mbaya. Akafunga mlango wa jiko. Kulikuwa na vibuyu vimekaa miezi bila mtu wa kuvitengeneza vizuri, na mtoto mwenyewe akasema atasaidia, kwa maana alikuwa mtoto mwema na alikuwa na hamu ya kukaa na nyanya yake. Kuni zilikuwa zimelowa. Walikaa pamoja, wakachoma senetwet, wakasugua, akapuliza.

Kifua kilipoanza kubana, gogo alimpa dawa ya bluu. Nakubali, alimpa, na alimpa kama nilivyomwonyesha. Halafu akamrudisha karibu na moto. Akaongeza kuni. Kilipobana zaidi alimpa tena, akamfunika blanketi, akamsogeza tena. Mpaka anaita watu, bodaboda haikuweza kupanda ule udongo mwekundu. Wanaume walimbeba kwa mikono kupitia kwenye chai, kwenye njia yetu ile ile. Hawakufika lami.

Mimi nilikuwa nasugua sufuria za matanga kwa mama yangu simu ilipolia. Sitaki kuandika simu ilisema nini.

Tulimzika bomani, kando ya ua wa chai. Mchungaji alisema Mungu ametwaa, watu wakasema amina. Baada ya hapo wageni walikuja wiki baada ya wiki, kama ilivyo desturi, na kila mgeni alipokaa, gogo aliyasema maneno yale yale. Aliyasema akinitazama mimi, bila hasira, kama mtu anayenipa kitu cha kunifariji.

"Mwalimu, huyu mtoto hakukimbia. Hata kidogo. Alikuwa amekaa tu, hapa na mimi."

Wageni walitikisa vichwa. Waliona ajabu, mtoto ambaye hakukimbia. Walisema basi ni siku zake zilikuwa zimefika. Nami niliketi hapo na kikombe cha chai mkononi, na kila mara nilitaka kusimama nipige kelele mpaka mabati yang'oke. Sikupiga. Nilikuwa naona uso wake. Alikuwa amemlinda yule mtoto dhidi ya kilima kilichomuua ndugu yake, akamlinda vizuri, bila kuzembea hata siku moja, na bado mtoto akafa. Ningemwambia ukweli, angekufa. Na kuna siku nilitaka afe. Nayasema yalivyo.

Kwa miezi hakugusa vibuyu. Vilining'inia ukutani vikashika utando wa buibui. Halafu mgeni fulani wa ukoo akatarajiwa, na nikaona tena moshi chini ya mlango.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ana binti mdogo ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukimbia bila kuanguka. Msimu uliopita wa mvua alianza kukohoa usiku. Mama yake aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni. Nilimwambia ampeleke hospitali kesho yake. Sikulala vizuri.

Jumamosi nikapita mbele ya jiko nikasikia kikohozi kidogo, halafu kitu kinasuguliwa. Nikasukuma mlango. Moshi ulinipiga machoni, sikuona mtu kwanza. Kisha nikamwona. Alikuwa kwenye kigoda cha binti yangu, kile kidogo cha miguu mitatu, amevaa boshori ya binti yangu, kibuyu kati ya magoti. Hata mikono haikukizunguka. Alikuwa ameinamisha uso kwenye mdomo wa kibuyu, mashavu yamejaa, tayari kupuliza.

Gogo alinieleza kwa sauti ya kawaida kwamba huyu naye ameanza kifua. Amemleta hapa kwa joto, asije akakimbia huko nje.

Nilichukua kibuyu nikakiweka chini. Nikamvua mtoto boshori. Nikamshika mkono.

"Unapeleka yeye wapi?" gogo akauliza.

"Kwanza daktari, gogo. Akipona, kukimbia."

Aliinuka nusu, akanyoosha mkono kunizuia, na nikajua yale maneno yanakuja, nikayangoja. Niliyataka. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu lake mdomoni, limekaa hapo tangu mwezi wa saba.

"Yule mwingine," alisema, "hakukimbia. Alikuwa amekaa tu hapa..."

Aliangalia kigoda. Akaangalia kibuyu, na mkaa uliomwagika kwenye sakafu, na moshi uliokuwa unakimbilia mlangoni nilikosimama. Mkono wake ulibaki hewani. Sikuhitaji kusema nilichokuwa nimekiweka mdomoni, na sikuona raha niliyodhani nitaiona.

Nilimbeba mtoto nikatoka, nikapita kaburi, nikaingia njia ya chai kuelekea lami. Nilipogeuka mara moja, alikuwa ameketi kwenye kile kigoda kidogo, magoti juu, na mlango wa jiko ameuacha wazi.